Kanda Isiyo na Jina

Dadaab,
Jumatano, baada ya zamu ya asubuhi.

Kaka yangu Shaabani,

Assalaam aleikum. Nakusalimu wewe kwanza, kisha wifi Mwanajuma na watoto, nikiomba karatasi hii iwakute wote mmeamka salama. Mguu wa mama unaendeleaje? Mwambie ile dawa ya kuchua aimalize mwenyewe, asiwagawie majirani kama kawaida yake. Mimi mwili ni mzima. Vumbi limenitia kikohozi kidogo, na joto la huku wewe unalijua kwa kusimuliwa, mimi nalijua kwa ngozi, lakini sina la kulalamika.

Barua yako niliipata kwa dereva wa gari la dawa, imekunjamana lakini haijafunguliwa. Kwa hiyo bendi yetu ya Vijiti bado wanapiga! Nilicheka peke yangu nilipofika pale uliposema tarumbeta lao limezungushiwa solotepu mpya. Nikawaona wote watano kwenye ukumbi wa jamii, Jumapili saa tisa mchana. Hakuna kampuni iliyowataka, redio haikuwahi kuwapiga hata mara moja, wakajirekodia wenyewe kwa kinasa sauti kilichowekwa juu ya kiti, wakauza kanda zao mlangoni. Na sisi mbele kabisa, jasho linatutoka, tunajua maneno kuliko mwimbaji mwenyewe. Nakiri, Shaabani, siku nyingine hapa nakosa makelele yale kuliko ninavyokosa chakula cha nyumbani.

Uliniuliza kama huku nasikia muziki wowote. Nasikia. Na ndiyo habari ya barua hii, maana wiki kadhaa sasa nimeibeba peke yangu, na katika watu wote ninaowajua ni wewe tu utakayeielewa kutoka upande ule nilioingilia mimi, upande wa ushabiki.

Katika soko la kambi kuna mzee anayeuza tochi, ndala na kanda za kaseti. Kanda nyingi ni za kunakiliwa, zimetoka Mogadishu kabla ya vita, zimepita mikono mingi mpaka maandishi yamefutika. Miezi mitano iliyopita nilichagua moja isiyo na jina kabisa. Niliichukua kwa sababu hiyohiyo, kwamba haina jina. Nilipoiweka kwenye redio yangu nilijua mara moja kwamba haikurekodiwa studio. Unasikia viti vinaburutwa. Unasikia mtu anakohoa, mtoto anaita mamake. Halafu kinanda, ngoma, na ule udi wao wa nyuzi wanaouita kaban, na baadaye sauti ya mwanamke, nzito kidogo, isiyo na haraka. Akimaliza wimbo watu wanapiga makofi, na makofi yale yanashuka kama mvua ya ghafla kwenye mabati.

Sikuelewa neno hata moja, na nilipenda kila kitu. Nilikuwa nikiipiga mchana, muda wa kupumzika, katika chumba chetu cha kuandalia vifaa wodi ya uzazi, huku nakunja vitambaa.

Sasa nikujulishe kwa Rukia. Ndiye mkalimani wetu wodini, mkimbizi, wa umri wangu. Kiswahili alikiokota Kismayu, dukani kwa baba yake. Akina mama wakija na uchungu, mimi nasema Kiswahili, yeye anasema Kisomali, na mtoto anazaliwa katikati yetu. Ameolewa na dereva wa lori la maji, na wanaishi pamoja na mama mkwe wake, bibi mrefu mwembamba ambaye kambi nzima inamwita Ayeyo, yaani bibi. Ni watu wa ngamia, watu wa dini, wasiopenda upuuzi. Rukia akimtaja Ayeyo hupunguza sauti hata kama yuko mbali.

Siku ile Rukia aliingia na chupa ya chai. Kanda ilikuwa inaendelea. Mwimbaji alikuwa ametulia baina ya nyimbo mbili, anaongea na watu, na watu wanacheka. Rukia aliiweka chupa chini polepole sana.

"Zima," akasema.

Nikadhani amechukia muziki. Nikaanza kumweleza kwamba huu ni mzuri, si wa matusi, kwamba nyumbani mimi na kaka yangu tulikuwa tunafuata bendi kama hii.

"Zuhura, zima. Huyo ni dada yangu."

Nikazima. Akakaa kwenye kreti ya maji, mikono mapajani. Baadaye akaniomba niwashe tena, nirudishe nyuma kidogo. Tukamsikia yule mwanamke anaongea, watu wanacheka, na Rukia akanitafsiria kwa ile sauti yake ya kazini, kana kwamba ni maneno ya mgonjwa: "Anasema, mnamwona yule msichana wa mbele aliyenuna? Ni mdogo wangu Rukia. Nimeazima viatu vyake, ndiyo maana amenuna. Tumwimbie wa kwake."

Shaabani, nitakuambia ukweli ingawa unanitia haya. Jambo la kwanza lililonitoka mdomoni lilikuwa swali la shabiki. "Kumbe ulikuwepo! Ukumbi ulikuwa mkubwa? Alirekodi kanda ngapi?" Nilikuwa nimefurahi. Rukia akanijibu vizuri, kwa adabu, kwamba ukumbi ulikuwa wa kawaida.

Habari yenyewe ilitoka vipandevipande kwa siku kadhaa. Dada yake aliitwa Shukri. Vita vilipoingia Mogadishu, Rukia alikuwa ameolewa miezi michache tu. Walikimbia kwa malori mawili, Shukri kwenye lile la nyuma, na njia panda ya Afgoye lori la nyuma halikuonekana tena. Rukia na wakwe zake walifika mpakani Liboi kwa miguu. Karani wa uandikishaji akamwuliza: kuna ndugu mliyepotezana njiani? Ayeyo alikuwa amesimama nyuma yake, bega kwa bega na wazee wa ukoo.

"Kwao mwimbaji ni mtu wa aibu," Rukia akaniambia. "Sikuwa nimewaambia kwamba dada yangu anaimba jukwaani. Nilijua nikimtaja watauliza ni nani, wa wapi, anafanya nini. Nikasema hapana. Nikasema sina ndugu."

"Na baadaye?"

"Baadaye nilikuwa nimeshasema."

Miaka sita, kaka yangu. Kwa miaka sita alitafsiri uchungu wa wanawake wengine, wakiwalilia dada zao, na yeye akasema yuko peke yake duniani.

Nilimpeleka mimi mwenyewe kwenye ofisi ya kutafutia watu ndugu zao. Si mbali, ni kibanda cha mabati kilichopakwa rangi nyeupe. Hakutaka mtu wa nyumbani kwake ajue. Akatoa jina la Shukri, la baba, la mama, na alama ya kovu kidevuni. Karani akaandika, akasema tungoje.

Tukangoja. Kanda nilitaka kumpa, akakataa kwenda nayo nyumbani, akawa anaisikiliza kwangu mchana, na kila mara alitaka palepale, pale anapotajwa. Mimi nikawa siwezi tena kuusikia wimbo. Nilikuwa nasikia watu. Wale wanaopiga makofi, ni nani? Huyu anayekohoa yuko hai? Mtoto anayemwita mamake, mamake aliitika? Siku moja, kanda ikiwa imezimwa na redio iko kabatini, nilisikia viti vinaburutwa nikageuka. Wodi ilikuwa tupu, akina mama wote wamekwenda kuchukua mgao. Nilivisikia wazi kama ninavyosikia kalamu hii. Sikumwambia Rukia. Naye siku ya pili aliniuliza, "Wewe pia?" wala hakusema nini.

Jibu lilikuja mwezi uliopita. Tulikwenda wawili. Karani, kijana mpole wa Garissa mjini, alishika karatasi kwa mikono miwili. Alisema Shukri alivuka kwa njia ya bahari na akaishi kambi moja huko pwani, karibu na Mombasa, miaka minne. Alikuwa akiimba kwenye harusi za wakimbizi. Mwaka jana alipata homa, haikumwacha. Amezikwa hukohuko.

Rukia akauliza kwa Kiswahili, si kwa Kisomali, sijui kwa nini: "Yeye alinitafuta?"

Kijana akaitazama tena karatasi. "Jina lako liko kwenye faili yake tangu siku ya kwanza. Tulilitafuta kwa upande wa huku, kwa wale wanaotafuta ndugu. Halikuwepo."

Nilitaka kumpiga yule kijana, na hakuwa na kosa lolote. Tulirudi wodini. Kulikuwa na mama mmoja kutoka mji wa Kutulo, aliyekuja kwa ndugu zake hapa, yuko kwenye uchungu. Rukia akavaa koti lake, akatafsiri: sukuma, pumzika, sukuma. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

Baada ya hapo akaacha kula vizuri. Alikuwa akija kazini, anakaa, anangoja kuitwa. Niliificha kanda chini ya magodoro ya akiba mlemle chumba cha vifaa, nikijiambia inamuua. Hakuiulizia.

Wiki iliyopita, karibu na adhuhuri, Ayeyo mwenyewe alisimama mlangoni pa chumba cha vifaa. Hakuwa amewahi kuja hapo. Nikampa kiti, hakukaa.

"Wewe ndio Suhura," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokota. "Mimi nataka ile kaseti."

Nikajifanya sijui kaseti gani. Akatikisa kichwa.

"Mke ya kijana yangu anaongea akiwa amelala. Anaita Shukri, anaita Shukri, anasema kaseti ya Suhura. Mimi najua Shukri ni nani. Siku ya harusi mimi nilijua. Watu ya Mogadishu waliniambia, dada yake anaimba. Mimi nikanyamaza, nikasema, bibi harusi ni mgeni, siku moja atasema mwenyewe."

"Pale Liboi," nikasema, "ulikuwa umesimama nyuma yake."

"Nilisimama. Nikasikia anasema hana ndugu. Nikafikiri labda Shukri amekufa, labda hawesi kutaja." Akashika ukingo wa mlango. "Aliogoba nini? Aliogoba mimi?"

Nadhani hakuwa akiniuliza mimi, Shaabani. Nikatoa kanda chini ya magodoro. Akasema niiwashe. Alisikiliza amesimama wima, fimbo mkononi, mpaka wimbo wa kwanza ukaisha na makofi yakapigwa. Halafu akaniomba nimwitie Rukia.

Rukia alipomwona pale, na kuisikia kanda, alirudi hatua moja nyuma. Ayeyo hakupandisha sauti. Alisema maneno machache tu kwa Kisomali, sikuyaelewa na hakuna aliyenitafsiria. Rukia alianguka chini akamshika miguu, akalia kilio ambacho nilikuwa nikikingojea tangu siku ya ile karatasi. Nikatoka nje nikafunga mlango.

Jana walikwenda wote wawili kule ofisini, wakanichukua nami. Ayeyo alitaka Shukri aandikwe kwenye faili ya nyumba yao. Yule kijana akaeleza kwa heshima kwamba marehemu haandikwi, hakuna mgao wala faida yoyote.

"Sitaki mgao," Ayeyo akasema. "Andika."

Akaandika. Jina. Jina la baba. Uhusiano: dada wa mke. Akafika mahali pa kazi, akamtazama Rukia. Rukia akageuza shingo. Nyuma yetu kulikuwa na foleni ndefu, wazee wa ukoo wao wakiwemo, wote wanasikia.

"Mwimbaji," Ayeyo akasema, kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni. "Andika fizuri."

Ndiyo habari ya muziki wa huku, kaka.

Mwambie mama nitatuma kitenge dereva akirudi. Msalimie shangazi Bi Salma, umwambie sijasahau udi wake wa kufukizia. Wasalimie majirani wa uani, hasa fundi cherehani aliyenishonea sare. Watoto uwabusu, na wifi umwambie amwandikie barua dada yake aliyeko Lamu leo, siyo kesho, hata kama wamegombana.

Ni mimi mdogo wako, nikuombeaye heri kila ninaposimama,
Zuhura