Mama alivyoikalia tiara

Jumapili jioni

Bado nacheka. Nilimpeleka Mama ule ufuko uliotulia ili nimwambie ahame Sikonge, aje akae kwangu huku pwani. Watu hakuna kweli, ila huo upepo! Nusura utuvue khanga. Majini walikuwepo wazungu wachache tu, wanateleza huku wakivutwa na tiara kubwa kama paa la nyumba.

Binti mmoja alishusha tiara yake mchangani, akageuka kufungua kamba. Upepo ukaanza kuiinua. Kabla sijafungua mdomo, Mama alishakimbia na kuikalia, miguu kainyoosha, kama anavyokalia turubai la kuanikia mpunga kule nyumbani upepo ukivuma.

"Usihangaike, mwanangu," akamwambia yule binti. "Nimeshaishika."

Binti alicheka mpaka machozi. Mimi nilikasirika, aibu tupu, lakini upande wa pili ulikuwa unapepea, basi nikaukalia.

"Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa anakalia upande huo huo wa turubai," Mama akasema, anatazama maji. "Siku hizi naweka jiwe."

Yale niliyoyapanga wiki nzima sikuyasema. Mpunga ukivunwa, naomba likizo niende Sikonge.