Koti la Mteja

Chumba namba 14,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Pokea salamu zetu sote. U hali gani, na lile goti lako linavumiliaje baridi ya huko? Natumaini umepata dawa ya kuchua. Sisi miili ni mizima. Mama anakohoa kidogo tu, na mimi sijambo.

Kamera uliyonitumia inafanya kazi vizuri. Kwa miezi saba niliibeba kila mahali. Nilipiga picha za ngazi zetu zikiwa zimelowa, viatu vya wapangaji mlangoni, mikono ya Mama ikimenya vitunguu. Unanijua, mimi si mtu wa maneno mengi. Nyuma ya kamera niliweza kutazama watu bila kuulizwa ninawaza nini. Picha niliziweka kwenye ukurasa wangu, na watu kama arobaini walizifuatilia. Walinitosha.

Lakini sikukaa kuandika habari za kamera. Baba amemwaga unga. Wewe uliambiwa amestaafu kwa sababu ndivyo alivyotaka uambiwe.

Mchana mmoja nilimfuata kazini kwake, kwa dobi, nimpige picha akiwa kwenye pasi. Alikataa kupigwa na fulana yenye jasho. Akashusha koti la kijivu kutoka kwenye henga za nguo za wateja zilizokuwa tayari, akalivaa, akasimama kando ya dirisha lenye mvuke. "Leo nipige kama mwenye nyumba," akasema. "Sura ya mpangaji nimekuwa nayo ya kutosha." Tulicheka. Akalivua, akalipiga pasi upya, akalirudisha. Dakika tano, Shangazi.

Sijawahi kupiga picha nzuri kuliko ile. Niliipakia mtandaoni siku hiyo hiyo bila kumuuliza. Yeye alidhani ni ya ukutani. Kosa hilo ni langu, silikwepi.

La kwako ni hili: uliichukua ukaiweka kwenye ukurasa wako na kuandika chini yake, "Kaka yangu, mkurugenzi wa kampuni yake mwenyewe." Kwako ilifikia maelfu ya watu, akiwemo mke wa mwanasheria mmoja; koti lilikuwa la mumewe. Mke huyo alilitambua kwa kifungo cha pili. Cha asili kilipotea, na Baba ndiye aliyeshonea kingine kisichofanana, bila kudai chochote.

Mwanasheria alikuja pale kwa dobi na simu mkononi. Dobi, tajiri wa Baba, hakupaza sauti. Alimuuliza Baba ni nguo za wateja wangapi amezivaa kwa miaka ishirini na miwili. Baba akasema ni hilo moja tu.

"Sawa, Mkurugenzi," akamwambia. "Acha ufunguo mezani."

Sasa hata mtaani anaitwa hivyo. Fundi viatu wa hapo chini humwinukia akipita na kumpangusia kiti. Baba hucheka naye, kisha hupanda ngazi na kulala akiuelekea ukuta mpaka chakula kiive. Ameshapita kwa madobi wanne. Wote walikuwa wameiona picha.

Ya kwangu niliifuta mara moja. Wewe nilikutumia ujumbe mara mbili, ukanijibu, "Mwanangu, watu elfu tatu wamempenda kaka yangu, niwanyime raha?" Sijui wamempenda nani, Shangazi. Huyo mkurugenzi hatuishi naye. Ndiyo maana sasa naandika kwa kalamu.

Juzi, tukikunja shuka, Baba aliniuliza kama umeiondoa. Simu yake haionyeshi picha. Haya mambo huyajua kupitia kwangu. Nikamwambia umeiondoa. Sikuwahi kumdanganya kabla ya hapo.

Alishusha pumzi. "Nilijua tu," akasema. "Dada yangu akishajua naumia, hakawii."

Mwisho wa mwezi anakwenda kuomba kazi kwa dobi wa tano. Ifute kabla hajafika. Mimi nimeshamwambia kwamba wewe ni mtu wa namna hiyo.

Mama anakusalimu. Bibi naye anakusalimu, na kila mgeni akibisha hodi hudhani ni wewe. Wasalimie binamu zangu wote wawili. Mungu akulinde huko uliko, akuponye goti, na akupe utulivu wa kuisoma barua hii mara mbili.

Ni mimi nikupendaye, ingawa leo kwa taabu,

Binti wa kaka yako.