Mgongo Niliokataa Kuunyoosha

Chemchem, Jumanne

...na bado sikuunyoosha. Mama mmoja wa mtaa wa Kanyenye alikigeuzageuza kinyago changu cha mwanamke aliyeinama, akacheka. "Babu, huyu kaangusha nini? Mnyooshe mgongo, nimchukue."

Vinyago vyangu vyote vimepinda. Watu hucheka kwanza, kisha huuliza.

Nikamwambia huyu ni mama yangu. Alinibeba mgongoni kutoka Burundi hadi makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, na hata nilipokua aliendelea kutembea hivyo, kana kwamba bado nimo.

Akaupapasa ule mgongo. "Sasa mtoto mbona hukumchonga?"

Akataka kukinunua hivyo hivyo, nikashindwa kukitoa.

Nimekiweka karibu na kitanda. Mvi zimenijaa, na bado natamani kubebwa.