Mzinga Niliouchora Mimi

Jumatatu, 7 Julai 2003

Bwana Nzomo, mwalimu wetu wa usanifu hapa chuoni, ametugawa vikundi leo, na bahati yangu ni ile ile. Nimewekwa na Rodgers! Rodgers wa Mlolongo, anayevaa miwani ya jua hata mwezi huu ambao jua lenyewe hatulioni, ukungu umekaa juu ya milima ya Iveti kutwa nzima. Wengine ni Muigai, ambaye baba yake ana duka la vyuma hapa mjini, na Mutheu wa Kivaa, msichana mpole, herufi zake za mkono ni safi kuliko za mtu yeyote darasani.

Kazi yenyewe ni tamu. Akina mama wa Mitaboni wanaofuga nyuki wanataka lebo ya chupa za asali. Lebo ya kweli, ya kuchapishwa, si mazoezi. Na kuna kubwa zaidi: kampuni moja ya kubuni paketi kule Industrial Area, Nairobi, inachukua mwanafunzi wa atachimenti, ajifunze kazini, Agosti. Bwana Nzomo anasema atampeleka mmoja wetu, yule ambaye mchoro wake akina mama wataukubali.

Mmoja tu. Nataka awe mimi. Nasema waziwazi kwa sababu humu daftarini hakuna wa kuniambia nijishushe.

Halafu kuna ripoti. Kila mtu aeleze kwa Kiingereza amekua vipi kitaaluma na amejifunza nini kwa kufanya kazi na wenzake. Hiyo nitaiandika vizuri, na adabu zote. Humu naandika yaliyotokea.

Jumanne, 8 Julai

Mausi. Leo nimejua vita vyote ni mausi.

Kila kikundi kina kompyuta moja. Kabla hatujaweka mifuko chini Rodgers alikuwa ameshaketi, mausi mkononi. Sisi watatu tukasimama nyuma yake kama watu wanaomtazama mtu akila. Ukitaka kusema kitu unamwambia yeye. Akipenda anafanya. Asipopenda anasema mashine haikubali.

Akatia ile CD ya picha za bure, akatafuta "honey". Akatoa nini? Dubu! Dubu mnene amekumbatia mtungi, kichwani ana kofia ya mpishi.

Nikamuuliza, Rodgers, dubu Mitaboni ametoka wapi?

"Si ni picha tu? Inakaa poa. Hata kwa supermarket wanaweka hivyo."

Nikamwambia hakuna mtu Ukambani amewahi kumfukuza dubu kwenye asali. Chora mzinga. Mwatu, lile gogo linaloning'inia mtini, kila mtu analijua.

"Wewe acha stori za ushago," akasema. Muigai akacheka. Mutheu akatazama viatu vyake.

Sawa. Ushago ndiko asali inakotoka. Kesho nakuja na mwatu wangu.

Jumatano, 9 Julai

Nilichora jana jioni yote kwa kalamu ya wino. Mwatu wa babu, kama ninavyoukumbuka ukining'inia kwenye mgunga nyuma ya boma letu Kathiani. Gogo lote, kizibo cha mbele, waya, nyufa za mbao, nyuki wachache mlangoni. Babu alishafariki lakini mwatu ule nauona nikifumba macho. Naufahamu kuliko ninavyoufahamu uso wake, Mungu anisamehe.

Nikauweka mezani. Muigai akasema, "Hii ni kali, bwana." Mutheu akaushika kwa ncha za vidole, akauangalia sana, akafungua mdomo, akafunga.

Rodgers akasema utafaa "kama base". Base! Akaupeleka kwenye skana, akaufuatisha kwenye Corel, ile programu ya kuchorea, akapaka rangi ya dhahabu na kahawia. Nitakuwa mkweli: rangi amepaka vizuri. Mutheu akaandika ASALI YA MITABONI kwa mkono, nayo ikaskaniwa. Muigai akatununulia mandazi.

Niliomba nishike mausi kidogo nirekebishe nyuki mmoja. "Subiri nimalizie hapa." Nilisubiri mpaka stima ikapotea.

Ijumaa, 11 Julai

Tumemwonyesha Bwana Nzomo. Amesimama mbele ya lebo muda mrefu, mikono nyuma. Akasema hii ndiyo kazi aliyokuwa anangojea mwaka mzima, ndiyo itakayoenda Mitaboni. Wazo limetoka kwa nani?

Rodgers hakupumua hata. "Tulikaa chini kama team, sir, nikaona tuende African. Nikawaguide."

Nikawaangalia Muigai na Mutheu. Muigai anakuna shingo. Mutheu anafunga mfuko wake.

Na mimi je? Nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka mtu mwingine aseme. Ujinga wa mwisho huo. Ninaahidi mbele ya kitabu hiki, sinyamazi tena.

Jumatatu, 14 Julai

Siku! Sijui nianzie wapi.

Tulienda Mitaboni na Bwana Nzomo. Akina mama wametungoja kwenye jumba la kanisa, chai imepikwa, viti vimepangwa. Mwenyekiti wao ni Mama Loise, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Tulibandika lebo kwenye chupa zao wenyewe, tukazipanga mezani. Zilipendeza! Siongezi chumvi. Dhahabu juu ya asali.

Wakapiga makofi. Mama Loise akauliza, "Haya, na ni nani amechora hii mwatu yetu?"

Rodgers akasimama, akavua miwani. Akasema yeye ndiye kiongozi wa kikundi, concept ni yake, tulimsaidia. Makofi tena. Nikaanza kuinuka niseme.

Basi mama mmoja mzee, wanamwita Mutindi, akaleta chupa karibu na macho. Akageuza. Akageuza tena. Akasema neno kwa Kikamba, chini chini, na wenzake wakainama kutazama.

Alama. Kwenye tumbo la mwatu nilikuwa nimechora alama ya ukoo wetu. Mistari miwili na upinde juu yake, kama babu alivyoichonga kwa kisu. Sikufikiria! Mwatu wowote nilioona tangu utotoni una alama, ndivyo watu wanavyojua asali ni ya nani. Nilichora mwatu, nikachora alama yake, kama unavyochora ng'ombe na pembe zake.

Mama Loise akashika chupa. Akauliza, "Hii ni alama ya watu gani? Hapa tuko koo nyingi. Sasa hii asali imekuwa ya hao?"

Mama mwingine akapaza sauti. Walipoanza, wanaume waliwaambia mwanamke hatundiki mwatu. Akina mama wakanunua masanduku ya nyuki kwa kuchanga, wakayatundika wenyewe. Asali ilipotoka, wanaume hao hao wakaja kusema ni ya koo zao. Wamebishana mpaka kwa chifu. "Na leo nyinyi mnatuletea alama ya ukoo kwa chupa!"

Nilitamani sakafu inimeze. Walikuwa na haki. Neno kwa neno, walikuwa na haki.

Bwana Nzomo akamgeukia Rodgers. Na Rodgers yule yule wa concept, makofi hayajapoa, akaninyooshea kidole.

"Hiyo ni ya Kavata. Hiyo kitu ni yeye alichora."

Ndiyo siku ya kwanza jina langu kutajwa! Siku ya kosa.

Nilisimama. Nikasema ndiyo, mama, ni mimi. Alama ni mimi, na mwatu ni mimi, na nyuki ni mimi. Ni mwatu wa babu yangu, nilikosea kuuleta kwenu na alama yake, naomba msamaha. Nitaitoa. Lakini nimechora mimi.

Mama Loise akanitazama kutoka kiatu mpaka kitambaa cha kichwa. Akasema mwatu wameupenda. Alama itoke, lebo irudi Alhamisi. Halafu akaniwekea chai mwenyewe, kikombe kimejaa hadi ukingoni, wala hakutabasamu.

Jumanne, 15 Julai

Nimempigia mama kwenye simu ya dukani. Nikamweleza. Alicheka mpaka nikadhani laini imeharibika. "Aiya! Umeupatia ukoo wetu asali yote ya Mitaboni! Baba yako akisikia ataenda kudai mtungi!" Alipomaliza kucheka akaniuliza kama nimekula.

Nilimbana Mutheu kwenye veranda ya maabara. Wewe ulitoka Kivaa, mizinga unaijua. Uliiona ile alama?

Akasema aliiona siku ya kwanza.

Uliiona!

"Nilidhani unajua chenye unafanya. Na mkianza kupigana wewe na Rodgers, mtu ataingilia wapi?"

Hilo limeniuma kuliko kidole cha Rodgers. Kwa hiyo kwenye kikundi changu mwenye macho aliogopa kusema, na mmoja wa waliomwogopesha ni mimi. Hata hivyo nimemkasirikia. Angenivuta shati tu!

Jumatano, 16 Julai

Leo nimefika maabara kabla ya kufunguliwa. Askari wa lango ameniuliza kama nimefukuzwa nyumbani. Mlango ulipofunguliwa nikaketi, mausi mkononi.

Rodgers akaja na chai yake. "Haya, nipishe niitoe hiyo alama. Ni dakika mbili."

Hapana.

"Kavata, usilete emotions. Mimi ndio najua file."

Nikamwambia file nitaijua. Nikamwita Mutheu, nikamwomba aketi nami kiti kimoja, anitazamie kila ninachofanya na aseme. Aseme hata nikinuna. Mwanzo nilifuta alama na nusu ya gogo. Rodgers akacheka kwa sauti. Nikarudisha, nikafuta tena, nikachora nyufa za mbao mahali pale. Mutheu akasema kizibo kimekaa upande. Nilinuna. Nikakitengeneza. Akasema nyuki wamezidi. Walikuwa wamezidi.

Muigai alisimama nyuma yetu mchana kutwa na mwisho akasema kumbe Corel si uchawi. Tumempa zamu naye. Amepanua mwatu ukawa kama sufuria, tumecheka sana.

Rodgers aliondoka mapema. Hakusema anaenda wapi.

Alhamisi, 17 Julai

Imekubaliwa. Mama Loise amebandika lebo moja kwenye mlango wa jumba. Yule mzee Mutindi ameigusa na kidole pale ilipokuwa alama, akaitikia kwa kichwa.

Tukirudi, Bwana Nzomo akasema kesho saa nne atatuita ofisini mmoja mmoja kuhusu nafasi ya Nairobi. Rodgers kwanza, kwa vile ndiye aliyejiita kiongozi. Jina linatumwa kesho hiyo hiyo.

Nimeanza ripoti. "I have learned the value of teamwork." Nimekata. Nitaandika kwamba nimejifunza kuuliza mtu anayenyamaza. Hilo ni la kweli. Sijui Kiingereza chake kizuri.

Ijumaa, 18 Julai

Benchi nje ya ofisi ya Bwana Nzomo. Baridi. Muigai anatafuna kalamu, Mutheu yuko kando yangu amekunja mikono ndani ya sweta. Naandika ili nisiinuke.

Rodgers ameingia kitambo. Ukuta huu ni wa mbao nyembamba tu, na mlango haufungi vizuri.

Anaongea Kiingereza chake cha kupanda na kushuka. Anasema kikundi kilikuwa na changamoto lakini akavumilia. Anasema kwa ile alama, yeye kama kiongozi anabeba lawama, ingawa sote tunajua ilitoka kwa nani.

Bwana Nzomo ameuliza jambo, sikulishika.

Sasa Rodgers anajibu. Anasema mwatu ulitoka kwenye utafiti wake. Utafiti! Kwamba alama ndiyo niliyoongeza mimi, baadaye, bila kumwambia mtu. Gogo lake, kosa langu!

Mutheu amesikia pia. Ameniwekea mkono gotini. Ananiambia atasema ukweli zamu yake ikifika, atasema yote, nitulie, ningoje niitwe.

Namwamini. Lakini barua ya kupeleka jina Nairobi iko mezani mle ndani na kalamu nayo iko mezani.

Bwana Nzomo anasema, vizuri, Rodgers.

Vizuri?

Mutheu ananivuta sweta. Anasema hujaitwa, Kavata.

Sijaitwa. Naingia.