Vidonge Ulikuwa Unameza, Mama

Mama,

Shikamoo. Najua huitikii, ila ulinilea nisianze neno na mtu mzima kabla ya shikamoo, na sitaanza utovu wa adabu leo kwa sababu tu umelala chini ya udongo. Nakuandikia nikiwa kibandani kwangu hapa stendi ya Kiomboi. Mabasi ya asubuhi ya Singida yameshaondoka, wateja wamepungua, na daftari nimemchukulia mjukuu wako Naomi, somo yako, karatasi za nyuma ambazo mwalimu hazikagui. Mwaka wa nne sasa tangu tukuzike. Nimekuja na jambo moja, na nalisema hapahapa mwanzo maana nikizunguka nitashindwa. Vidonge ulikuwa unameza. Ulisema kweli siku zote, mimi ndiye niliyekosea, na naomba radhi.

Nipe nafasi nieleze. Unanijua, nikikosa huwa natafuta maneno mengi.

Unakumbuka nilivyokutoa kijijini, kule mbele ya Nduguti, nikakuleta kwangu. Ulikuwa umevimba uso, sauti imekuwa nzito, unajifunika blanketi mchana wa jua kali. Hospitali wakapima damu, wakasema tezi ya shingoni imelala, haifanyi kazi yake, na utameza kidonge kila asubuhi maisha yako yote. Nikashukuru Mungu kwamba ugonjwa una jina na una dawa. Baada ya miezi mitatu tukarudi, kipimo kilekile. Wakaongeza dozi. Tukarudi tena, kilekile. Ndipo yule mhudumu akasema akiniangalia mimi, kana kwamba wewe hukuwepo pale kwenye benchi: "Huyu bibi hamezi dawa."

Nami nikamwamini yeye.

Nilikuwa na sababu, au nilidhani ninayo. Nilipokuwa mdogo nilikuona kwa macho yangu ukitema dawa ya malaria kwenye majivu ya jikoni, ukafukia kwa mti wa kuchochea moto, ukaniwekea kidole mdomoni nisimwambie baba. Tulicheka sana siku ile. Kumbe nilikuwa nimekuwekea kumbukumbu, nije nikuhukumu nayo ukiwa mzee.

Kuanzia siku hiyo nikawa askari wako. Kila asubuhi kabla sijabeba beseni langu kuja stendi, nilisimama mbele ya kitanda chako nikiwa na kidonge, chai ya maziwa, na andazi la moto kutoka mkupuo wa kwanza, ili dawa isikukute na tumbo tupu. Ukimeza nasema, "Fungua mdomo." Ukifungua nasema, "Inua ulimi." Mama, wewe uliyenizaa, nilikuamuru uinue ulimi. Ukainua. Hukuwahi kukataa hata siku moja.

Neno moja tu ulikuwa ukilirudia, tena kwa upole. "Mwanangu, haya maandazi yananijaa tumboni. Nipikie uji wa mtama." Nami nikawa nakujibu kwamba uji wa mtama ni wa watu wanaokwenda shamba, mgonjwa anakula kitu laini. Na watu wetu unawajua, kwenda kumwona mgonjwa bila mkate wa dukani ni aibu ya kusemwa. Mikate ikapangana juu ya stuli yako. Ulikuwa unakula kipande kwa kila aliyekuja, usimvunje mtu moyo, kisha unashinda unakwenda chooni na kurudi ukishikilia ukuta. Mtama uliokula miaka yote kule kijijini, ukakupa nguvu ya kulima, tulikunyima, kwa mapenzi.

Siku ya kipimo cha mwisho nilikufokea njiani. Nilisema unanitia aibu hospitalini. Ulisimama, ukaweka mkono kwenye ukuta wa duka la mbolea, ukasema: "Nameza, mwanangu. Wewe usiponiamini, aniamini nani?" Nilikuwa nawaza unga niliouacha umeumuka.

Msimu wa baridi ukaingia, homa ya mapafu ikakukuta huna damu wala nguvu ya kupigana nayo. Siku tatu tu. Kitenge chako tulikuzungushia mara mbili, ulikuwa umekwisha namna hiyo.

Sasa kuna jambo hulijui. Baada ya matanga, shangazi, wifi yako, alikuwa anafagia chini ya kitanda chako akavuta lile kopo la maziwa ya unga. Ndani zimejaa karatasi za vidonge, zile ngumu za kung'aa, zote zimetobolewa, umezifunga mafungu kwa nyuzi ulizochomoa kwenye kanga. Akauliza za nini. Nikasema mbele ya watu, kaburi lako halijakauka: "Za vidonge alivyokuwa anatema nikigeuka. Hakuwa anameza." Watu wakatikisa vichwa. Sikuelewa kwamba ulikuwa unaniwekea ushahidi, kwa vile neno lako lilikuwa halinitoshi. Kopo lenyewe nilishindwa kulitupa, sijui kwa nini. Nikaliweka juu ya kabati.

Miaka miwili ikapita, ikawa zamu yangu. Nilianza kuhisi baridi mwezi wa kumi, wakati Iramba nzima inatoka jasho. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Sauti ikashuka mpaka nikipokea simu naitwa baba. Tumbo nalo linajaa, linaunguruma, linaendesha, nikawa nasingizia mafuta ya kukaangia. Nikapimwa. Tezi. Nikapewa vidonge vyako vilevile, karatasi ile ile ya kung'aa. Nikameza kwa chai na andazi kama nilivyokufundisha wewe. Miezi mitatu, kipimo hakijasogea. Wakaongeza dozi. Hakijasogea. Halafu nikaambiwa, na safari hii si mhudumu yule, ni mwingine kabisa, lakini maneno ni yale: "Dada, humezi dawa."

Mdomo wangu unaujua hauna breki. Nilisimama nikala kiapo, nikaapa kwa jina la Mungu na la mwanangu. Nikasema, "Nameza! Nisipoaminiwa hapa, nikaaminiwe wapi?" Hapo nikasikia maneno yako kinywani mwangu. Nikaacha kadi yangu mezani nikaondoka. Nilipofika nyumbani nilipanda stuli, nikashusha kopo lako, nikamwaga karatasi zote kitandani. Nilizishika moja moja, mama. Nililia mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba gani.

Ni huyo jirani aliyenisukuma nikaenda Dodoma. Nilimkuta daktari binti, mdogo kwangu kabisa, na yeye hakuniuliza kama nameza. Aliuliza choo changu kikoje, na kutwa nzima nakula nini. Nikamjibu kwa majivuno kwamba mimi ni mama maandazi wa stendi, kila mkupuo lazima nionje. Akaacha kuandika. Wakanitoa damu, wakanipitishia kooni mpira mwembamba wenye kamera. Niliporudi akanieleza taratibu. Nina ugonjwa unaitwa siliaki. Mwili wangu hauivumilii ngano, nikiila unageuka na kuushambulia utumbo wangu mwenyewe, ngozi ya ndani inasuguliwa, chakula kinapita na dawa nayo inapita bila kuchukuliwa yote. Tena akasema kidonge cha tezi kinamezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, na chai ya maziwa isubiri. Akasema magonjwa haya mawili hupenda kukaa pamoja katika mwili mmoja, na hupenda kupita kwenye ukoo.

Nikamuuliza habari zako. Nilimsimulia yote, uji, mikate, ulimi, kopo. "Siwezi kumpima mtu aliyekwisha kuzikwa," akasema. "Lakini ningekuwa mimi, ningemwamini." Basi. Huyo alikuamini bila kukuona, mimi nilikuwa nawe nyumba moja, nikakulisha ngano kwa mkono huu huu.

Maandazi nimeacha. Haikuwa kula tu, hata vumbi la unga lilikuwa linanifuata mpaka kwenye nywele. Sasa nauza vitumbua vya mchele, viazi na mihogo. Makondakta walininunia mwezi mzima, mmoja akawa anapita anaimba jina la maandazi kama anayeomboleza, sasa ndiye mteja wa kwanza wa vitumbua. Jiwe lako la kusagia nimelifuata kijijini, nimelipakia kwenye lori la alizeti, maana mashine ya hapa inasaga unga wa lishe wenye ngano ndani na mtama wangu unachafuka. Majirani wanachungulia uani kumwona mtu wa stendi akipiga magoti kusaga. Mgongo unauma, lakini ugali wa mtama na mlenda unatulia tumboni, kama ulivyosema.

Kwenye sherehe nakwenda na hotipoti langu. Wengine wanasema naringa, wengine eti naogopa kuwekewa kitu. Kanisani ndiko nilikoona haya zaidi. Nilimpelekea mchungaji karatasi ya daktari, nikimwomba nisile ule mkate wa Meza ya Bwana, ninywe kikombe tu, tena kabla wenzangu hawajaacha chembe za mkate humo. Nilidhani atanikemea. Aliisoma mara mbili, akasema Jumapili nikae benchi la mbele. Sasa nanyweshwa wa kwanza, na wazee wanadhani nimepewa cheo.

Na kipimo cha tezi kimeshuka mpaka kinapotakiwa, mama. Kimeshuka bila mtu kunisimamia kitandani. Siku ile nilitoka hospitali yetu ya hapa na karatasi mkononi nikitabasamu peke yangu, nikageukia upande uliokuwa unakaa ukinisubiri kwenye benchi. Furaha yote ikaniishia palepale.

Nimeyasema hayo yote ili nifike kwa Naomi. Ana miaka kumi na mmoja na wenzake wa darasa la tano wamempita mabega. Tumbo linajaa, anachoka, mwalimu anasema mvivu. Jumatatu asubuhi alikaa mlangoni akasema tumbo linamuuma, na mimi, mama, mimi mwenye kopo lako juu ya kabati, nikasema: "Usinidanganye, unataka kukwepa shule." Akaniangalia kwa macho yako. "Kweli linauma, mama." Akaanza kufunga viatu.

Nilimvua vile viatu mwenyewe.

Alhamisi nampeleka Dodoma. Daktari nimempigia simu, na ameniwekea sharti gumu kuliko yote: nisimwachishe ngano kabla ya kipimo, ugonjwa utajificha na majibu yatadanganya. Kwa hiyo kila asubuhi nanunua mkate kwa jirani, nampa, namwangalia anavyokula, na najua huenda unamwumiza. Jana akaniuliza, "Mbona unanipa halafu unalia?" Nikamweleza habari zako zote. Sikujificha, hata ile ya ulimi nilimwambia. Kisha akaomba nimshushie kopo. Akafunua, akazitazama nyuzi za kanga, akasema, "Bibi alikuwa na subira." Ndiyo, ulikuwa nayo, na mimi ndiye niliyeitumia yote.

Naogopa, mama. Naogopa majibu ya Alhamisi. Lakini kuna jambo moja sitalisubiri lipimwe. Nakuahidi kwamba mtoto huyu mwenye jina lako akiniambia linauma, nitamwambia namwamini kabla sijamwuliza swali lolote. Iwe ni ngano, iwe ni tezi, isiwe chochote. Na ile ahadi ya pili, nitakwenda kwa shangazi na kwa wote waliokuwepo siku ile ya kufagia, nyumba kwa nyumba, nikafute nilichosema. Nitakwenda na kopo. Mvua zikikatika nitakuja na Naomi kusafisha kaburi, na tutakuletea uji wa mtama niliokunyima. Nitaunywa mbele yako mpaka uishe.

Karatasi zangu za vidonge nimezifunga na uzi, nimeziweka pamoja na zako. Basi la Nduguti linaingia, wateja wanashuka. Pumzika, mama yangu. Hakuna tena atakayekwambia uinue ulimi.

Mwanao,
Tabitha