Saa Moja Kwenye Kiti cha Baba

Mama yangu uliyetangulia,

Jana nilikuwa napanga vitu vyako hapa ughaibuni, Flemingdon Park, nimekaa sakafuni katikati ya mabegi na sufuria zako, ikadondoka karatasi kutoka ndani ya Biblia. Ni karatasi ya miraba midogo, ile niliyokuwa nachorea chuoni. Mwandiko ni wangu. Nimeisoma mara moja tu, na tangu hapo nikifumba macho najikuta nimesimama ndani ya nyumba yetu.

Unakumbuka tulivyoipima? Nilikuwa mwaka wa pili, nasomea usanifu wa majengo na upambaji wa ndani, na mwalimu wa somo la kompyuta akatuambia tujenge ndani ya mashine nyumba ambayo mtu angeweza kuitembea gizani. Wenzangu walichagua nyumba za likizo za wazazi wao, zenye kuni zilizopangwa ukutani. Mimi nikachagua ya kwetu Uvira, aliyoijenga baba kwa mikono yake, ingawa niliiacha nikiwa na miaka tisa. Picha hatukuwa nayo hata moja. Nilikuwa na wewe.

Ukavua viatu, ukatoka nje hadi kwenye korido ya ghorofa yetu ya tisa, ukafumba macho ukaanza kutembea. Sebule hatua saba. Chumba chenu hatua tano. Mimi nakufuata nimeinama na utepe wa kupimia, nageuza hatua zako kuwa sentimita. Mzee jirani alifungua mlango, akatutazama, akaufunga taratibu. Mbele ya lifti ukasimama.

"Hapa iko mulango," ukasema. Ukanyoosha mkono wa kushoto, ukashika hewa. "Na hapa iko kiti ya baba yako."

Ndipo ukaniambia habari za jua. Mlango wetu ulitazama ziwa, na saa moja jua liliingia moja kwa moja mpaka kwenye kile kiti, baba akiwa amekaa anafunga kamba za viatu aende kazini. Hapo hapo ndipo tulipomwacha siku ile tunaondoka. Alibaki auze nyumba, kisha atufuate. Nyumba ikakosa mnunuzi, karatasi zake za kusafiria zikakwama, miaka ikaenda kwa barua. Halafu vita vikaingia kwetu na barua zikakoma. Nikaandika kwenye karatasi yangu: *Saa 1, jua kwenye kiti.*

Wakati huo ulikuwa hujavaa nyeusi. Wamama wa kanisani walishaanza kukushauri kwa upole ukubali, ufanye matanga, upumzike. Ukawajibu kwamba hujaona maiti. Kila Jumatatu, ukitoka zamu yako ya kuhudumia wazee, ulipanda basi la Eglinton mpaka kwenye ile ofisi inayotafuta watu waliopotezana vitani, ukauliza, ukaambiwa bado, ukarudi kupika. Kwangu uliomba kitu kimoja tu.

"Uniwekee saa moja," ukasema. "Nione vile ilikuwa."

Nilijenga wiki sita. Kuta, paa la mabati, madirisha mawili. Kiti nilikichonga mguu kwa mguu. Kompyuta ilitaka kujua nyumba iko wapi duniani, siku gani na saa ngapi, ndipo iwashe jua. Nikatazama karatasi, nikaiandikia moja.

Ukaja Jumamosi mchana, siku wazazi walipoalikwa, na kitenge chako kipya chini ya koti la baridi. Nilivimba kichwa, mama, sikufichi. Nikakuingiza mlangoni, nikakuzungusha vyumba vyote kwenye kioo cha kompyuta. Ulicheka kuona dirisha la jikoni. Kisha ukanyoosha kidole. Kando ya kiti alisimama bwana mmoja mwenye mkoba, mtu wa kompyuta tunayemweka ili watu wajue ukubwa wa chumba.

"Huyu ni nani mu nyumba yetu?"

"Si mtu, mama. Ni kipimo."

Ukasogea karibu. Kiti kilikuwa kwenye kivuli. Sebule nzima ilikuwa kwenye kivuli, na nje ua ulikuwa mweupe kwa jua.

"Hii ni saa moja ya wapi?"

"Ni saa moja, mama. Nimeiweka mwenyewe. Kompyuta haikosei."

Ukakigusa kile kiti kwenye kioo kwa kidole. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yetu, anatabasamu, anasubiri nikutafsirie sifa alizonimwagia.

"Basi," ukasema. "Kama ni saa moja na jua haimufikie, ni kusema haiko tena."

Nilidhani unazungumzia jua. Wiki iliyofuata ukavua pete, ukavaa nyeusi, ukawaita wamama wa kanisani. Tulifanya matanga ya baba sebuleni hapa, viti tukaazima kwa jirani. Jumatatu yake ukaenda ofisini mara ya mwisho, ukawaambia wafunge faili. Nami nikapata alama nzuri kuliko darasa zima.

Saa 1, mama. Kwako wewe jua limetoka kuchomoza. Mimi nikaiandikia mashine moja, nayo ikaisoma kwa saa za Wazungu, yaani saa saba mchana, jua liko utosini na baba ameshaenda kazini zamani. Saa yangu ilikuwa imehamia huku kabla yangu, wala sikuwa na habari. Ungeweza kunibishia, maana jua lile ulilijua kuliko mimi. Lakini uliniamini kwa sababu nimesoma, na hilo ndilo linaloniuma.

Leo asubuhi, ofisini ninakochora majiko ya watu, nimefungua diski ya zamani. Nimemfuta yule bwana wa mkoba. Nimeandika saba, asubuhi. Ilichukua muda, kisha jua likaingia mlangoni, likavuka sakafu kama ulivyosema, likapanda kwenye kiti likatulia. Najua ni upuuzi, ila nilikuwa nasubiri mtu aingie kufunga viatu. Naogopa kwamba alikuwepo, mama. Naogopa kwamba miaka hii yote alikuwepo mahali, na sisi tulishamzika kwa tarakimu yangu moja.

Mchana nikapanda basi lako. Karani ni yuleyule mwenye miwani ya mnyororo, akalitoa faili chini kabisa ya kabati. Akaniuliza mara ya mwisho tulimwona saa ngapi. Mdomo wangu ukasema saa moja, kwa Kiswahili, akangoja na kalamu mkononi.

"Saba," nikamwambia kwa Kiingereza. "Saba asubuhi. Alikuwa amekaa juani."

Akaandika. Lala sasa, mama. Zamu ya Jumatatu ni yangu.

Binti yako