Mashine ya Dresden na Bao la Malindi

Malindi, Unguja
10 Mei 1971

Ndugu yangu Jecha,

Assalaam alaykum. U hali gani huko Dresden? Kifua kimepona? Baridi je? Sisi wazima, alhamdulillahi. Mama magoti tu yanamsumbua, na kila akiswali anakuombea.

Mimi mwili mzima, moyo ndio mbovu. Unamkumbuka Shamsi, fundi saa? Ijumaa tumetoka msikitini, baraza imejaa watu, kanifunga bao. Hilo si kitu. Mara akasema, "Usisikitike, Makungu. Hata marehemu baba yako asingemfunga mtu, ila kwa zile kete alizokuwa akizificha kiganjani."

Watu walicheka, Jecha! Baba yetu, aliyeadhini kwenye msikiti ule mpaka sauti ikamkauka!

Nshaswali, nshasoma, nnajua kusamehe ni bora. Simsamehi. Nnataka nimfunge mkononi, kete zake hazijamalizika kuingia ubaoni, mbele ya watu wale wale, siku ya pili ya Idi.

Uliniandikia kwamba mnasomea mashine inayofikiri kuliko mtu. Ifunze bao, inipe dawa ya Shamsi.

Kaka yako,
Makungu


Dresden
20 Juni 1971

Kaka Makungu,

Shikamoo. Kifua kimepoa, na Mama mpe salamu nyingi.

Kompyuta yenyewe inajaa chumba kizima, wala haifikiri. Inafuata tu ulichoiandikia kwa kutoboa matundu kwenye kadi. Jumamosi wenzangu huichezesha michezo, na mwalimu haoni ubaya. Anasema mchezo unafunza kuliko somo. Basi nimeanza kuifunza bao.

Lakini haijui kitu, hata kwamba kete huliwa. Kaa karibu na Shamsi, mtazame, niandikie kila anachofanya. Usiruke kitu. Andika kama unamwandikia mtu ambaye hajapata kuliona bao.

Baba hakuficha kete hata siku moja. Na mie nna hasira kama wewe.

Mdogo wako,
Jecha


Dresden
2 Oktoba 1971

Kaka yangu,

Shikamoo. Mama hajambo? Na wewe, hasira bado zinakunyima usingizi?

Barua zako zote zimefika. Mashine imeshindwa. Njia za bao zinaizidi. Inakwama, na isipokwama inacheza kama mtoto wa chuo cha Kurani. Mwalimu kacheka mpaka kavua miwani. Nisamehe.

Lakini umezisoma mwenyewe ulizoniandikia? Kila barua unasema Shamsi akishambuliwa kushoto huhangaikia nyumba yake, lile shimo lenye kete nyingi. Hathubutu kuliachia hata pale linapomponza. Mashine haikuliona hilo. Umeliona wewe.

Mdogo wako,
Jecha


Malindi, Unguja
28 Novemba 1971

Ndugu yangu Jecha,

Assalaam alaykum, na Idi njema ingawa imekwisha pita. Umekula nini siku hiyo, maskini? Mama kakuwekea sahani yako, kisha kaila yeye.

Nimemfunga. Mkononi! Nilimchokoza kushoto, akaing'ang'ania nyumba mpaka safu yake ya mbele ikawa tupu, na kete bado zimemjaa kiganjani. Bi Khatun, jirani yetu, kapiga vigelegele dirishani kwake. Shamsi kainama, anakusanya kete.

Hapo ilinipasa ninyamaze. Lakini nilitaka nimmalize kabisa. Nikamwambia, "Wala si mimi niliyekufunga. Umefungwa na mashine ya Jecha. Hata chuma kinakucheka!"

Uongo, Jecha, nami nimetoka kuswali.

Shamsi akainua uso, akatabasamu. "Mmemsikia wenyewe? Baba alificha kete, mtoto kaficha mashine."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Sasa nikipita dukani nnaitwa Kompyuta. Nikikanusha, wanasema nimeona haya. Kwa Mungu nimetubu ule uongo. Kwa Shamsi sijatubu, wala usinishauri.

Barua yako ya Oktoba siwezi kuwaonyesha. Imejaa Shamsi na nyumba yake, watasema tulipanga. Niandikie nyingine, fupi, kwamba mashine ilishindwa na bao lile nililicheza mwenyewe. Mwalimu wako naye atie sahihi, na muhuri kama anao. Nitaisoma barazani, Ijumaa, Shamsi akiwapo, kisha nimwekee ubao mbele yake. Sasa anasema hachezi na mtu mwenye mashine, na baraza nzima inamwitikia.

Tafadhali nijibu upesi.

Kaka yako,
Makungu